Nusu ya Kupita

Nimepika pale mlimani, kwenye kituo cha darubini ya nyota, miaka mingi, na mwanafunzi wetu Yanett Pizarro sikuwahi kumwona akiuacha mkate wake wa parachichi mpaka asubuhi ile. Binti wa mchimba dhahabu wa Andacollo, mji wa migodi, mdomo hauna breki.

Shahada yake aliitegemeza kwenye kibete cha kahawia kimoja, kitu kikubwa kuliko sayari lakini kidogo mno kuwaka kama nyota. Kilizunguka nyota yake, naye alitaka kujua kama njia yake imelingana na jinsi nyota yenyewe inavyojizungusha. Ikilingana, huenda kilizaliwa kama sayari, kwenye sahani ya vumbi iliyoizunguka nyota ilipokuwa changa. Ikienda upande, huenda kina asili nyingine. Ili kujua, lazima ukitazame kikipita mbele ya nyota mwanzo hadi mwisho.

Usiku wa kupita, kikiwa katikati, mkubwa wake, Profesa Undurraga wa Santiago, akaamuru darubini igeuziwe galaksi yake. Eti mara moja tu! Iliporudishwa, kibete kilishapita. Kupita kwingine kwa kuonekana kwetu kulikuwa baada ya miaka miwili.

Asubuhi, mezani kwangu, Profesa akakoroga chai yake bila haya.

"Mwanangu, nusu unayo. Iliyobaki jazia kwa hesabu. Vimelingana, kila mtu anajua."

"Profe, mtu akisikia nusu ya maneno akajazia mwenyewe, kwetu anaitwa mmbea. Huko Santiago ndiyo mtafiti?"

"Shusha sauti. Bila mimi usingekuwa na darubini."

"Na nikiwa na wewe nilikuwa nayo? Futa jina langu kwenye makala yako!"

Alilifuta, mshenzi yule, akachapisha nusu kama nzima, akapigiwa makofi. Yanett akarudi Andacollo kufundisha sekondari, shahada ikalala. Watu wakamwambia hasira hasara. Nilitamani kuwamwagia maji ya moto.

Miaka miwili ilipotimia aliomba darubini ndogo ya mlima wa jirani, akakitazama kibete mwanzo hadi mwisho. Kisha akaja jikoni kwangu, macho mekundu.

"Vimelingana, Mama Melania."

"Kwa hiyo yule bwana alisema kweli?"

"Hakusema kweli! Alibahatisha. Mimi ndiyo nimeona."

Nikamkatia parachichi. Safari hii alikula, akimtukana Profesa kila tonge, nami nikimsaidia pale alipoishiwa maneno.