Mama mkwe na funguo za gari

Leo nimeendesha gari kutoka Ruiru hadi Nakuru, na mama mkwe akiwa kiti cha nyuma!

Tulitoka Thika asubuhi, familia nzima, tukienda kwa wifi yangu. Tukikaribia Ruiru nikaona bwanangu anapiga miayo, gari linaanza kutoka kwa laini yake barabarani.

"Nimekuambia nini sasa hivi?" nikamuuliza.

Hakuwa amesikia neno hata moja.

"Ingia hapo kwa kituo cha petroli. Nitaendesha mimi."

"Na hiyo leseni yako ya juzi? Niko sawa."

Jamani, mama yake alikuwa anasikia yote. Nikajua leo nitaambiwa nimemkosea kijana wa watu heshima.

Kumbe!

"Wewe, mpatie funguo," mama mkwe, ambaye watoto humwita cucu, yaani nyanya, akamwambia. "Mimi nataka kufika."

Akanipa. Nikahakikisha kila mtu amefunga mkanda, ndio nikaondoka polepole. Kufika Limuru, bwana anakoroma.

Huku Nakuru, wifi akauliza safari ilikuwaje. Cucu akajibu kabla hata hajakaa:

"Nimeletwa na huyu msichana wangu."

Msichana WANGU! Mmesikia lakini?

Wenye mama mkwe, hebu niambieni yenu.