Kocha Aliyepewa Mguu

Leo nina kituo changu cha mazoezi Morogoro, na ukutani nimetundika stashahada ya tiba ya michezo. Niliipata Toronto, Kanada, nikisoma asubuhi na kupakia masanduku ghalani Brampton, mji wa jirani, jioni, bila mjomba wala mfadhili. Lakini aliyenifundisha kazi yenyewe hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa kocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukabana na kuangushana, katika shule ya sekondari karibu na mtaa wa Thorncliffe Park, nami nilikuwa msaidizi wake.

Alikuwa amefundisha karibu miaka thelathini. Chuo kikuu kimoja kilimwita, akakataa. Wachezaji wa huko, alisema, hawakosi makocha. Goti lake la kushoto halikukunjika vizuri, lakini kila msimu alipanda maghorofa, mlango kwa mlango, kuomba ruhusa ya wazazi. Simu hakuiamini.

Mwaka mmoja tulipungukiwa mchezaji mmoja. Tusipompata kufikia Ijumaa, timu inafutwa. Tukaenda kwa mama mmoja wa Bukavu, Kongo, mtunzaji wa wazee, ambaye mwanawe alikuwa mrefu na mwenye mbio. Nilijitambulisha kwa mama, stashahada na yote. Akatuandalia ugali na sombe, kisamvu cha kwao. Kocha alinawa, akamega tonge kama mtu wa huko kwao Kivu.

Kisha akaeleza kwa Kiingereza, nami mkalimani: mazoezi, masomo, halafu vichwa vinavyogongana na wachezaji wanaopoteza kumbukumbu wakizeeka. Habari ya vichwa niliiruka. Kwetu humtajii mzazi balaa la mwanawe mezani pake; ni uchuro. Tena nilitaka timu ibaki.

Kocha akanitazama. "Mimi nimesema mengi, wewe umesema machache. Umemwambia kuhusu kichwa?"

"Kwa juu juu."

"Mwambie yote."

Nikamwambia, macho kwenye sahani. Mama akacheka.

"Papa," akaniambia, kama Wakongo wanavyomwita mwanamume kwa heshima, "ulitaka kunificha? Kazini ninaogesha mzee aliyecheza mpira huo. Kila asubuhi ananiuliza mke wake ni nani, na mke amekaa pale pale. Nilikuwa ninakungojea tu useme."

"Unisamehe, mama."

"Kumbe diploma haifundishi kusema kweli." Akamwelekea kocha. "Mwambie huyu mzee, mguu wa mtoto ninampa. Kichwa sitoi."

Kocha alifikiri, akachukua kalamu, akaandika kwenye fomu: atapiga mateke tu, hatakabana na mtu. Wakasaini wote wawili. Kazi ya kumfundisha kijana kupitisha mpira kati ya milingoti nikapewa mimi, na sijisifu bure: msimu ule hapakuwa na mguu kama ule katika shule zote tulizokutana nazo.

Kwenye nusu fainali walinzi wetu waliumia mmoja baada ya mwingine, mpaka akiba ikaisha. Kijana alikuwa kando ya uwanja, helmeti kichwani, akimwomba kocha kwa macho. Mama yake alikuwa jukwaani na sare ya kazi.

"Mwingize, dakika tatu tu," nilimwambia kocha.

"Nilisaini," alisema.

Tukacheza pungufu, tukafungwa. Wazazi wengine walimzunguka kocha wakimfokea, naye akawasikiliza bila kujitetea. Mama wa Bukavu akapenya katikati yao, akamwuliza kwa Kiingereza chake mwenyewe fomu za mwaka ujao zinatoka lini.