Mama Aliyekaanga Kahawa kwa Pua

Nilianza kazi kwenye mgahawa ule wa Mbinga mjini nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nilitoka kijijini kwetu Ukata na begi moja na barua ya paroko iliyosema mimi ni binti mwaminifu. Mwenye mgahawa hakuisoma. Aliniangalia mikono, kisha akauliza kama nyumbani tunalima kahawa.

"Tunalima, mama."

"Na mnakunywa?"

Nikasema hapana. Kwetu kahawa ilikuwa ya kupeleka mnadani. Sisi wenyewe tukiamka tunakunywa chai ya rangi au uji. Alicheka, akanimiminia kikombe, akanisimamia mpaka nikamaliza. Nilikunja uso mwanzoni. Nilipofika katikati nilikuwa nimeulegeza.

Alikuwa mama wa karibu miaka sitini, mzaliwa wa Mbaha kule ziwani, aliyeolewa huku juu na Mmatengo ambaye sasa alikuwa marehemu. Watoto wake walikuwa mbali, wana maisha yao. Mgahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja chenye meza sita, na jiko nyuma, karibu na stendi. Tuliuza chapati, maandazi, mihogo ya kukaanga, supu ya utumbo, chai ya maziwa. Vitu hivyo vilipatikana mjini kote. Watu walikuja kwake kwa sababu ya kahawa, na kwa namna alivyowapokea. Hakumuuliza mteja anataka nini. Alimuuliza mgonjwa wake anaendeleaje, au mvua imeanza kwao au bado, na wakati mtu anajibu, kikombe kilikuwa kimeshafika mezani, kikiwa na sukari ileile aliyoizoea.

Kahawa aliikaanga mwenyewe kila alfajiri, kwenye kikaango kikubwa cha chuma juu ya jiko la mkaa. Jiko lilikuwa na giza na moshi, huwezi kuona rangi ya punje sawasawa, na hakuhangaika kuiangalia. Alikuwa akisukuma chapati, kaipa kahawa mgongo, ananihadithia habari za jana, mara anakatisha neno katikati, anageuka na kuipua kikaango. Hakuwahi kuchelewa. Mimi nilisikia harufu tu ya kahawa. Yeye alisikia kitu kingine ndani yake. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa umelala barabarani, watu waliingia wakiwa wamejikunyata kwenye makoti, wanasema, "Mama, umetuita."

Msimu mmoja wa baridi alishikwa na mafua makali yenye homa. Alilala wiki nzima, nikafungua mgahawa peke yangu, bila kahawa. Siku aliporudi wateja walimshangilia. Alikaanga kama kawaida, akiwa ameipa kahawa mgongo, na mimi nikiwa naosha vikombe nikasikia harufu ya kuungua. Nikamwangalia. Alikuwa anasukuma chapati, ametulia kabisa.

"Mama, kahawa," nikasema.

Akageuka haraka, akaipua. "Hizi dawa zimenilegeza," akasema, na tukaiacha hapo.

Lakini ikatokea tena, na tena. Siku nyingine iliungua, siku nyingine aliogopa akaitoa ikiwa mbichi, ina ladha ya majani. Tulikuwa na mteja mmoja, mtu mzima, ambaye kazi yake ilikuwa kuonja kahawa kiwandani kabla haijauzwa. Alikuwa akikaa meza ya dirishani, anavuta kahawa mdomoni kwa kelele kama watoto wanavyovuta uji. Asubuhi moja alivuta, akakitazama kikombe, akameza. Alikunywa yote. Wakati anatoka aliniita pembeni.

"Binti, mama bado anaumwa?"

"Shikamoo, mzee. Amepona."

"Marahaba. Hajapona. Hii imeungua juu ikabaki mbichi ndani. Mtu kama yeye hawezi kukosea hivi." Akafunga zipu ya koti. "Usimwambie nimesema."

Sikumwambia. Kesho yake alikuja tena, akanywa tena yote. Nikaanza kuwaangalia wengine, nikagundua wote wanajua. Mwalimu mstaafu aliyekunywa bila sukari miaka yote sasa alikuwa anaweka vijiko vitatu. Fundi wa pikipiki alikuwa anachovya chapati ili asinywe. Na mama anapita katikati yao akiuliza, "Leo imekaaje?" wanamjibu, "Nzuri, mama. Kama kawaida." Kisha ananiuliza na mimi. Na mimi nilijibu hivyohivyo. Ningesema nini? Alikuwa amenipa kitanda nyumbani kwake. Kila siku nilijiambia nitamwambia kesho.

Asubuhi iliyovunja yote nilichelewa kidogo, mama akatangulia. Nilipofungua mlango wa jiko harufu ya gesi ilinipiga usoni mpaka macho yakaniwasha. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya baridi. Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi la kuchemshia chai, kiberiti mkononi, njiti ameshaitoa.

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi, nikamrukia, nikampokonya kile kiberiti.

"Wewe! Unanifanyia nini kwenye jiko langu?"

"Gesi, mama! Gesi imejaa!"

"Gesi gani?"

Nilifunga mtungi, nikafungua madirisha na milango yote. Yeye alibaki amesimama palepale, ameinua uso, anavuta pumzi kwa nguvu, mara moja, mara mbili, kama mtu anayesikiliza hodi.

"Inanuka sana?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sana, mama."

Akakaa juu ya gunia la unga. Nilidhani atalia, hakulia. Akasema, "Toka nilipougua sisikii kitu. Si moshi, si sabuni, si kitunguu. Nilidhani itarudi yenyewe."

Nikachuchumaa mbele yake. Tulikaa hivyo mpaka nikaona amefikia jambo jingine kichwani mwake, na nikaomba asiulize. Akauliza.

"Na kahawa?"

Nikainamisha macho.

"Wateja wanajua?"

"Wanajua, mama."

"Wote?"

"Wote."

Akashika paji la uso. "Kumbe wananinywea kwa huruma," akasema.

Siku ile hatukuuza kahawa. Mama alihudumia supu na chai bila kumtazama mtu machoni. Mchana nilimsindikiza hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, alimchunguza pua kwa kitochi, akamweleza kwamba mafua mengine hufanya hivyo, na kwamba huenda harufu ingerudi baada ya miezi, huenda baada ya mwaka, na wengine haiwarudii. Mama akauliza dawa. Daktari akasema hana dawa ya kumpa. Alilisema kwa heshima, akiwa ameweka kalamu chini. Tukatoka nje tukasimama kwenye jua, kila mtu anangoja mwenzake aseme twende.

Habari zikaenea, na sasa wateja ndio wakawa wanamhudumia yeye. Mmoja alileta majani ya mkaratusi ya kujifukiza, mwingine tangawizi ya kutafuna, mwingine pilipili kichaa. Muuza duka wa jirani, ambaye babu yake alikuja kutoka Kilwa, alileta kichupa cha mafuta ya habasoda ya kudondoshea puani. Padri akamwombea. Mama alipokea kila kitu, akajaribu kila kitu. Niliushika mwavuli wa blanketi juu ya kichwa chake jioni baada ya jioni, yeye ameinamia sufuria ya mvuke. Akiinuka, uso umelowa na mwekundu wa joto, nilikuwa namwangalia, na alikuwa anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Mwezi wa nane akaniambia tushuke Mbaha kwa dada yake. "Nilizaliwa ndani ya harufu ya usipa," akasema. "Kama pua yangu imebaki na chochote, itaujua usipa." Nilimwona ana matumaini kwa mara ya kwanza tangu siku ya gesi, na ndicho kilichonitisha.

Usipa ni wale samaki wadogo wa ziwa letu, urefu wa kidole, wanaoanikwa juu ya vichanja mpaka wakauke. Tulipofika, ufuko mzima ulikuwa umeanikwa usipa, na harufu yake ilikuwa nzito kiasi cha kuisikia ukiwa bado barabarani. Dada yake, bibi mwembamba mwenye sauti kali, alitupokea kwa kukumbatia, lakini mama hakutaka hata kuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichanja, akachota usipa kwa viganja viwili, akauzika uso wake humo na kufumba macho.

Tulisimama nyuma yake. Mabega yake yalipanda na kushuka. Alivuta pumzi mara nyingi mno.

"Vipi?" dada yake akauliza.

Mama alichukua mmoja akamtafuna taratibu. "Kama karatasi," akasema.

Dada yake akaanza kumgombeza kwa Kinyasa, maneno ambayo sikuyaelewa, anamgombeza huku analia na kumpangusa magamba mashavuni. Mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nikaanza kugeuza usipa kwenye kichanja, mmoja mmoja, kana kwamba kuna aliyenituma.

Tuliporudi Mbinga akaamua nikaange mimi. Alikaa kwenye kigoda kando yangu.

"Ukisikia imegeuka, ipua."

"Igeuke iweje, mama?"

"Kwanza inakuwa kama majani mabichi. Halafu kama mkate unaoiva. Halafu inakuja ile yenyewe."

"Ile yenyewe ikoje?"

Akasugua vidole vyake karibu na pua kama mtu anayejaribu kitambaa dukani. Punje zilikuwa zinapasuka kikaangoni, moshi unapanda, na mimi nasubiri nikiwa na mwiko mkononi.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "nimeanza kuisahau."

Niliipua kwa kubahatisha. Nilibahatisha kwa karibu miaka miwili. Siku nyingine ilitoka vizuri na sikujua nimefanya nini. Kesho yake nikifanya vilevile inaharibika. Yule mwonja kahawa alinitazama siku moja akasema, "Inanyweka," nami nikashukuru, ingawa nilijua maana yake. Taratibu wateja wengi wakahamia chai. Hawakutukimbia, hilo niseme. Waliendelea kuja, wakaendelea kuagiza chapati. Lakini mama akawa haingii jikoni nikikaanga. Akawa anakaa mbele na wateja, anacheka nao, na akila anakula kwa kulazimishwa, vijiko vitatu vinne, anasukuma sahani. Vitenge vikaanza kumzidi kiuno. Nilimpikia kila nilichojua anakipenda. Alinishukuru kila mara, akaacha.

Nikaolewa Ruanda, kijiji cha hukuhuku Mbinga, nikaondoka. Nilimwambia nitakuwa nakuja kila mwezi, na mwaka wa kwanza nilienda mara mbili tu. Shamba halikuniacha, halafu mimba. Mara ya mwisho nilikwenda na mtoto mgongoni. Jikoni kulikuwa na binti mwingine, na rafuni kulikuwa na makopo ya kahawa ya unga ya kukoroga. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alimpokea mtoto, akampakata, akamsifia nywele na vidole. Kisha akamwinamia, akagusisha pua kwenye utosi wake, pale ambapo kila mwanamke huinamia kunusa bila kufikiri, na nikamwona anakumbuka akiwa ameshainama. Alibaki hivyo, hakuinuka upesi.

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nimesafiri asubuhi yote nikipanga maneno. Binti akaja kuuliza nitakunywa nini, nikamwambia chai, na mama akaniuliza mvua imeanza kwetu au bado. Nikamjibu imeanza. Nikaeleza habari za mvua kwa kirefu, mahindi yamefika wapi, barabara imekatika wapi, mpaka mtoto alipolala mikononi mwake.