Makapi Juu ya Keki ya Nafula

Nimezunguka nchi hii nikiendesha magari ya watu, Voi, Garissa, Lodwar, mpaka jioni moja nikashuka Kitale na begi moja na mgongo unaouma, nikakaa miaka sita (mimi ambaye sikuwahi kumaliza miwili popote), na kusema kweli kote huko sijaaibika kama siku niliyombebea Nafula keki ya harusi.

Nafula, jirani yangu, aliokea nyumbani, na hiyo ilikuwa oda yake ya kwanza kubwa, ghorofa tatu, tena ya kwao Kabuchai, huko Bungoma, ambako watu walimwambia kuoka si kazi. Aliniomba nimpeleke kwa gari la tajiri wangu kwa sababu lina AC, na krimu haitaki jua la Desemba.

Basi asubuhi hiyo, badala ya kumngoja mlangoni kama mtu mwenye akili, nikapitia kijiji kiitwacho Kwanza kumsalimia rafiki aliyekuwa akipukuchua mahindi, nikaegesha kando ya mashine, nikalala kidogo ndani huku AC ikinipuliza (raha za gari lisilo lako). Mashine ilikuwa ikitema makapi upande wangu. Sikujali.

Nikarudi kumchukua, na Kiminini tulipita vizuri. Karibu na Kamukuywa hewa ikapungua, ikapungua, ikaisha. Nafula, aliyekaa nyuma akiishikilia keki, akafunua boksi.

"Dere, krimu inatoka jasho."

"Dakika tano tu, madam. Hii naijua."

Nikafungua boneti. Mkanda unazunguka, kompresa inashika, bomba ukiligusa ni baridi kama maji ya mlimani. Kwa hiyo gesi iko, ila hewa haipiti. Nikachomoa chujio nyuma ya kisanduku cha dashibodi, nikalikuta limejaa makapi kama godoro. Nikajisifu kwa sauti, nikalitupa sakafuni, na bila kumwambia afunike keki nikaweka feni namba nne.

Makapi yaliyobaki ndani yakatoka yote pamoja, yakaingia nywele, midomo, na ghorofa zote tatu.

Nafula akanitazama kwenye kioo. "Ulikuwa wapi asubuhi?"

"Kwanza."

"Ati Kwanza."

Akaokota makapi kwenye krimu moja moja hadi Kabuchai (na baridi, jamani, ilikuwa tamu ajabu).

Huko senge, yaani shangazi wa bibi harusi, akachungulia boksi. "Nafula, hii keki ililala kwa gunia?"

Wanawake wakacheka. Nafula machozi yakamlenga, kisha akaomba kisu, akakwangua krimu yote. "Senge, si kuna njugu na simsim za wageni? Nipatie. Na kinu mpatie huyu."

Nikatwanga nikiwa na shati la kufunga tai, mbele ya jiko zima. "Fundi wa AC, twanga bana," wakaniambia, "ama hapo pia gesi imeisha?" Keki ikavikwa njugu na simsim, na kabla sahani hazijaondolewa wanawake watatu walikuwa wanataka kama hiyo hiyo.

Oda za Bungoma zikazidi za Kitale. Siku nilipoondoka Kitale kabisa kuhamia Bungoma pamoja naye nilibeba oveni ya Nafula, makopo yake ya kuokea, na begi langu lile lile. Mashine zilikuwa zikipukuchua pande zote mbili za barabara. Nafula, safari hii amekaa mbele, akanyoosha mkono akazima AC kabla sijafungua mdomo, tukafunga vioo, tukatoka jasho wote wawili. Tangu hapo sijaiwasha karibu na mahindi, na sitaiwasha.

Lile begi langu sasa Nafula anawekea makopo ya keki.