Nilimwinamia Mkwe, Nikakosa Ukarani

(Mwenye kisa hiki ametuandikia akiomba jina lake tulifiche. Tumelificha.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitatu, Mnyaturu wa upande wa Mungaa. Nimesoma misheni, mwandiko wangu unasifiwa, na posa yangu kwa binti wa jumbe wetu ilikwisha pokelewa. Ilibaki harusi.

Ilipotangazwa kazi ya karani wa baraza pale boma Singida, nilijizoeza kujibu kwa sauti kubwa machungani mpaka mbuzi wakanizoea. Siku ya kuulizwa nikaingia kifua mbele. Nikamkuta Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali pale boma, na kando yake, kajaa kwenye kiti kama gunia la mtama, jumbe, mkwe wangu mwenyewe. Ameitwa asaidie kuchagua, na hakuona haja ya kunidokeza.

Ninyi wa pwani mtacheka. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, wala hupazi sauti mbele yake. Basi nikainama, nikajibu kwa kunong'ona huku nikitazama viatu vya Bwana Shauri. Akaniuliza kama naweza kusoma hukumu mbele ya watu. Nikasema ndiyo, ambayo hata mimi sikuisikia. Akarudia swali. Mkwe akakohoa tu, akatazama dirishani.

Kazi kapewa mtoto wa mwenye duka mjini, mwenye kanzu ya pasi na kichwa kitupu. Hajui lolote la kesi za mashamba, ila anabwata kama yuko mnadani na kumkodolea macho kila mzee. Huyo ndiye karani wetu.

Nilidhani mkwe atanitetea, maana nilishusha sauti kwa ajili yake. Badala yake aliniita mbele ya ndugu zake, akasema, "Aliyeshindwa kujibu mbele ya Mzungu atamsemeaje binti yangu? Njoo uchukue posa yako."

Mzee huyo huyo, ningemtazama angesema sina adabu. Nimeinama, ananiita bubu.

Mchumba wangu analia, ananisihi nikamwombe baba yake radhi, eti atalainika. Radhi ya kosa gani? Binti nampenda kweli, sitaki kumkosa. Lakini nikimwinamia mzee yule sasa haitakuwa heshima, nitakuwa naficha dharau iliyonijaa usoni.

Nipeni shauri, ndugu zangu. Nikapige magoti nipate mke, kisha niufiche uso huu maisha yangu yote? Au nimtazame machoni mara moja, nimwambie alivyo, na binti nimkose?