Doa kwenye Bamba Namba Tatu

Hospitalini wanamwita Mama Picha, na jina hilo linamfaa mara mbili. Mchana hupiga eksirei: vifua, magoti, vidole vilivyobanwa na milango. Usiku usio na mawingu hupanda juu ya paa la nyumba yake na kupiga picha za galaksi, makundi ya nyota yaliyo mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla binadamu hajajua kuwasha moto.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea. Stendi ya darubini aliiunda yeye, kwa vyuma vya geti alilokataa mteja, na hachoki kumtania mbele za watu. "Wenzangu wake zao wakitoka usiku huwafuatilia," husema. "Mimi wangu namshikia ngazi."

Galaksi haipigwi picha moja ikatosha, kwa sababu ni hafifu mno. Mama Picha hupiga mia moja na ishirini za kipande kilekile cha anga, kila moja dakika tatu, huku mota ndogo ikiizungusha darubini polepole kuzifuata nyota. Kisha kompyuta huzipanga moja juu ya nyingine. Kilichomo katika zote hukolea. Kilichojitokeza katika moja tu, iwe taa ya ndege, satelaiti au chembe ya vumbi, hufutwa. Kwa miaka sita kanuni hiyo haikumwangusha hata mara moja, na polepole, bila yeye kuhisi, ikamfuata hadi kazini.

Siku aliyokuja mshonaji wa sare za shule, Mama Picha alikuwa na usingizi machoni. Mshonaji alikuwa na kikohozi cha wiki mbili na mdomo usiotulia.

"Vuta pumzi, dada. Ishike."

"Na nikisahau kuiachia?"

"Nitakukumbusha. Ndiyo kazi ninayolipwa."

Picha ilipotokea kwenye skrini, chini ya mfupa wa bega la kulia palikuwa na kidoa cheupe, kama punje ya mtama. Mama Picha alilitazama bamba linalopokea miale. Lilikuwa namba tatu, bamba zee lenye sifa mbaya ya kushika vumbi, na vumbi huacha madoa meupe hivyohivyo. Akalifuta, akamrudisha mshonaji ukutani, akapiga tena. Kidoa hakikuwepo. Akaikataa picha ya kwanza, akaandika sababu, "vumbi kwenye bamba," na kumpelekea daktari ile ya pili.

Jambo moja halikumpitia akilini. Mara ya pili mshonaji alikuwa amechoka kusimama, akalegeza bega, na mfupa ukashuka ukapafunika mahali pale.

Siku themanini na sita baadaye mshonaji alirudi, sketi imefungwa kwa pini kiunoni. Alipigwa picha mpya. Doa lilikuwa palepale, sasa kama punje ya mahindi. Daktari wa kifua aliziweka picha mbili sambamba na kumwita Mama Picha azione.

"Miezi mitatu iliyopita hapa palikuwa safi," alisema. "Kitu kinachozuka upesi namna hii, mara nyingi ni maambukizi. Tutampa dawa, tumwone baada ya miezi miwili."

"Na kingekuwepo tangu wakati ule?"

"Kidogo, kikakua taratibu? Hapo ningehofia saratani. Ningetaka kipande cha nyama kipimwe wiki hii hii." Daktari alivua miwani. "Lakini hakikuwepo. Au vipi?"

"Ngoja kwanza, daktari," alisema Mama Picha, akatoka.

Mashine hutunza picha zilizokataliwa siku tisini, kisha huzifuta yenyewe. Zilibaki siku nne, na hakuna mtu anayefungua faili lile. Mwaka juzi mwenzao mmoja alisimamishwa kazi kwa kuchanganya majina ya wagonjwa wawili, na mpaka leo anauza vocha. Mama Picha alifungua faili. Kidoa kilikuwa kinamsubiri, na kingo zake zilikuwa na ukungu. Vumbi huwa na kingo kali. Hilo alilijua tangu chuoni. Akailinganisha na picha ya pili, akaona bega lilivyoshuka na kupafunika.

Akampigia mumewe.

"Kuna picha niliitupa," alisema.

"Ya mbinguni?"

"Ya kifua."

Mashine ya kuchomelea ilinyamaza upande wa pili. "Cha mtu?"

"Cha mtu. Na anaumwa."

"Watakufukuza?"

"Huenda."

Mumewe alikohoa kidogo. "Sasa mama, unaniuliza au unaniaga? Maana nakusikia unatembea."

Kweli alikuwa anatembea. Daktari aliitazama ile picha iliyokataliwa kwa muda mrefu, akapima doa, akapima tena.

"Nani aliandika vumbi?"

"Mimi."

"Nitalazimika kuandika ripoti."

"Najua."

"Na yeye umwambie wewe. Sasa hivi, kabla hajafika dirisha la dawa."

Mshonaji alikuwa kwenye benchi la korido, wa nne kwenye foleni. Alipomwona akasogea kumpisha. "Kaa, Mama Picha. Leo umepauka kuliko sisi wagonjwa."

Mama Picha alikaa. Alimweleza yote kwa utaratibu: picha ya kwanza, bamba, bega, neno aliloliandika, na kipimo kinachotakiwa wiki hii. Hakutaja galaksi. Ingesikika kama kujitetea.

"Kwa hiyo doa uliliona," alisema mshonaji.

"Nililiona."

"Nami nikaenda nyumbani nikachinja kuku, nikawaambia watoto mama yenu mzima." Aliikunja karatasi ya dawa mara nne, akibana kila kunjo kwa ukucha. "Ungeniambia siku ile kwamba huna hakika, ningekununia, basi. Ningekaa nikapigwa mara ya tatu."

Mshonaji alinyanyuka, akashika ukuta kidogo, akauliza chumba cha kipimo kiko wapi. Kilikuwa mwisho wa korido, kushoto. Alikataa kushikwa mkono. Mama Picha alimfuata nyuma, hatua mbili, akiwa na karatasi mpya ya daktari mkononi.