Karatasi Chini ya Shafti ya Baba

Iko siku moja naikumbuka kila ninaposikia mashine ya kusaga ikiwashwa hapa Majengo. Mwanangu, hebu acha kwanza kukaza hicho chuma, ukae. Nimeona ulivyokibana, nikamkumbuka baba yangu, na leo nina hamu naye isiyo na dawa.

Nilikuwa msichana pekee katika karakana ya Fundi Osmundi. Baba hakupenda. Alikubali nijaribu mwaka mmoja tu, halafu nirudi Mpitimbi nikalime kama dada zangu. Mwaka ulipoisha alikuja mwenyewe, shafti mpya, ule mhimili wa chuma unaozunguka, ya mashine yake ya kusaga ikiwa begani. Ilitakiwa kuchongwa mfereji wa kukalia kabari inayoshika puli, lile gurudumu la mkanda. Fundi akanikabidhi kazi ile, baba akasimama kando na kofia yake mkononi. Nilijua nikiharibu, naondoka naye.

Basi kichwa kikanivimba. Vile vitalu viwili vya chuma vyenye mfereji wa herufi V, ambamo chuma cha mviringo hulala kikatulia, vilikuwa kabatini, nami nikaona kuvifuata ni kujionyesha kuwa bado mwanafunzi. Nikaibana shafti moja kwa moja kwenye vaisi, kile kibanio chenye meno bapa. Nikachomeka paipu kwenye mkono wa vaisi, nikaning'inia mpaka jasho likanitoka, ili baba aone binti yake ana nguvu. Nilimtupia jicho. Nadhani alitabasamu kidogo.

Kisu cha mashine ya kuchonga kilipoanza kula tu, shafti ikajizungusha. Mfereji ukaenda upande, kisu kikakatika paa! Nikazima mashine. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, ila nilitamani ardhi inimeze. Baba akavaa kofia.

"Twende, mama," aliniambia, kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.

"Mzee, subiri kidogo," Fundi Osmundi akamwambia, kisha akanigeukia mimi. "Wewe umekaza kwa ajili ya macho ya baba yako. Chuma hakijui kama baba yako yupo hapa. Meno bapa yanaligusa duara sehemu mbili nyembamba tu, hata ukaze mpaka kesho. Lete vitalu."

Tukageuza shafti upande ambao haukuharibika. Nikailaza ndani ya vitalu, nikaweka vipande vya gazeti chini yake huku na huku, nikafunga klempu za kuishikilia kidogo kidogo. Fundi akamwita baba avute karatasi. Kimoja kikachomoka, maana yake shafti haikulala sawa upande ule. Nikalegeza, nikafuta chembe ya chuma iliyokuwa imejificha pale chini, nikafunga upya. Baba akavuta tena. Safari hii karatasi ilikataa, ikachanika mkononi mwake. Mfereji ukatoka umenyooka.

Baba alikitazama kile kipande, akakitia mfukoni mwa shati. "Baki," aliniambia. Akabeba shafti yake, akaenda zake stendi.

Miaka mingi baadaye, wiki moja baada ya kumzika baba, nilikikuta kile kipande kimekunjwa ndani ya kitabu chake cha sala. Nililia kuliko siku ya maziko. Kumbe alijivunia mimi muda wote ule, na sikuwahi kumuuliza. Fundi Osmundi naye ametangulia. Natamani waje hata mara moja tu, wasimame hapa, wavute karatasi ya kazi yako.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Chuma cha mviringo usikibane kwa hasira wala kwa kutafuta sifa. Kitafutie mahali pa kulala, safisha chini yake, kaza taratibu, halafu mwite mtu mwingine avute karatasi, maana mwenyewe utajihurumia. Na mama yako mpigie simu leo, umuulize yale ambayo mimi sikuyauliza. Mungu akutunzie macho na vidole vyako, na asikukoseshe mtu wa kukwambia "baki".

Haya, legeza hiyo vaisi. Nipe kipande cha gazeti, nitavuta mimi.